Nimenunua Vitz ya zamani kwa hela ya bati, nyumbani hatuongei

BARUA

Kaka habari za kazi, na shikamoo kama umenizidi umri. Mimi ni mama wa watoto wawili naishi Chanika, nina meza ya vitenge na mashuka Kariakoo, kila siku natoka nyumbani giza bado halijaisha nagombania daladala na mzigo kichwani, mpaka nifike Gongo la Mboto nimechoka utadhani ndio natoka kazini. Wanaokaa huku wananielewa.

Sasa juzi kati nilipokea mchezo. Ile hela tulishaipangia na baba watoto, ni ya bati, tuna pagale letu huku huku Chanika limeshafika kwenye lenta na mvua zinakuja. Siku hiyo natoka kuchukua hela nikapita pale Banana sehemu wanaosha magari nikaona Vitz ya silva, zile za mwanzo kabisa zenye mita katikati ya dashibodi, ina karatasi kwenye kioo INAUZWA. Kaka niliipenda papo hapo. Jamaa akasema milioni 4.5, mimi nikasema nina 3.5, tukavutana weee tukaishia 3.8. Akanizungusha nayo mtaani, kiyoyozi kinapuliza, redio inaongea, haina kelele yoyote. Leseni ninayo siku nyingi maana nilishawahi kumwendeshea tajiri wangu gari ya mzigo. Jioni ile ile nikaingia nayo nyumbani.

Baba watoto hakunigombeza, na hicho ndio kinaniumiza. Aliizunguka, akaingia ndani, na mpaka leo akiniongelesha ni habari za watoto na chakula tu, basi. Wanaoongea ni ndugu zake. Wifi anasema nimenunua bebi woka ya kuzeekea gereji.

Na gari yenyewe imeanza. Inakula oili, nikiweka baada ya siku chache stiki iko kavu. Foleni ya Tazara taa nyekundu ya joto iliwaka nikapaki pembeni, vijana wakanimwagia maji ya kwenye dumu nikaendelea. Asubuhi nikiwasha kuna mlio wa kukwaruza sekunde kadhaa alafu unapotea. Taa ya EPS inawaka na kuzima inavyotaka yenyewe. Fundi wa mtaani kaisikiliza dakika mbili akasema injini imekufa, nitafute milioni moja na nusu anifungie ya cc 1300 ndio ina nguvu. Dalali naye kaja anasema anaichukua 2.2 kama ilivyo leo leo. Mdogo wake mume wangu anasema nimpe yeye aingize Bolt aniletee hesabu kila wiki.

Kadi ninayo original ila jina ni la mtu mwingine, aliyeniuzia alisema na yeye alinunua kwa huyo mtu hakuwahi kubadilisha. Tuliandikishana karatasi, mashahidi ni wale vijana waosha magari.

Niuze, nifunge injini, au nimpe kijana? Na baba watoto nianzie wapi? Gari naipenda kaka, sitaki kukudanganya.

Mama wawili, Chanika

JIBU

Marahaba dada yangu. Pole, na pole zaidi kwa hicho kimya cha shemeji maana maneno ya wifi unaweza kuyajibu lakini kimya unakijibu na nini.

Nitaanza na kitu ulichokiweka mwisho wa barua kama vile ni kidogo. Kadi. Oili na mlio vitasubiri wiki, kadi haisubiri. Kwa sasa kwenye kumbukumbu za TRA hiyo gari ni ya mtu ambaye hujawahi kumwona, na umemlipa mtu ambaye jina lake halipo popote. Huyo mwenye jina akikosana na aliyekuuzia anaweza kuja kuidai, na akifariki (Mungu aepushie mbali) gari inaingia kwenye mirathi na hapo utamtafuta msimamizi wa mirathi akusainie, na ukoo mzima una maoni. Nimeona watu wanakaa na gari miaka wanaogopa hata kuiuza kwa sababu ya hiki kitu kimoja.

Kwa hiyo kesho, simaanishi wiki ijayo, mpigie aliyekuuzia wakati namba yake bado inapatikana na bado ana aibu ya hela yako. Mwambie akukutanishe na mwenye jina. Mnaenda wote watatu kwa wakili, mkataba wa mauziano unaandikwa unaounganisha mnyororo mzima, mwenye jina kwenda kwa yeye, yeye kuja kwako, au mwenye jina akuuzie wewe moja kwa moja na huyo wa kati asaini kwamba hela kapokea. Vitambulisho vya NIDA, namba za TIN, kadi original, mnapeleka TRA mnalipia ushuru wa stempu na ada ya kuhamisha umiliki. Uliza kwanza kiasi gani kabla hujatoka na hela, maana inategemea na thamani ya gari. Ile karatasi ya waosha magari itunze vizuri, ni ushahidi kwamba ulilipa, ila umiliki haikupi.

Kabla ya hapo fungua boneti uangalie namba ya chasisi, kwa Vitz hizi imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na ndani, isome mwenyewe kwa macho yako herufi kwa herufi ulinganishe na kadi. Ikianza na SCP10 ni ile ya cc 997 ambayo sisi wote tunaiita 990, ikianza na NCP10 ni ya 1300. Namba ikipishana hata tarakimu moja simamisha kila kitu na unitafute. Angalia pia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, kosa moja ni elfu 30 na yanajikusanya kimya kimya, na deni la paking la TARURA. Hayo yote yanaifuata namba, hayajali nani alikuwa anaendesha, na ni haki yako kumdai aliyekuuzia yale ya kabla ya tarehe ya karatasi yenu. Na bima, dada, usiendeshe kwa stika ya mtu. Ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kama ipo hai, kisha kata bima ndogo kwa jina lako mara tu umiliki ukikaa sawa.

Sasa gari yenyewe. Wifi akisema bebi woka mwache, hiyo gari haijawahi kuwa ya aibu. Toyota waliitoa Japan mwaka 1999 ichukue nafasi ya Starlet, Ulaya wakaiuza kwa jina la Yaris ikashinda gari bora ya Ulaya ya mwaka 2000, na ilishinda kwa sababu ni ndogo nje lakini ndani watu wazima wanne wanakaa, haifiki hata tani moja na mafuta inanusa tu. Ikajaa kwetu kwa sababu ya kodi, gari isiyozidi cc 1000 haikuwa inalipa ushuru wa bidhaa wakati ya cc 1001 mpaka 2000 inalipa asilimia 5, na Wajapani wenyewe walikuwa wanaziachia mapema maana kule ukaguzi wa serikali unarudi kila miaka miwili na ni ghali, kwa hiyo mtu anaona bora auze. Siku hizi kuagiza ya miaka ile haina maana, gari yenye umri wa miaka 10 na kuendelea inapigwa uchakavu asilimia 30 juu ya kodi nyingine zote, ndio maana zilizobaki ni hizi za kununua mkononi. Na herufi ya kwenye namba inakwambia tu gari ilisajiliwa lini hapa, ila kwenye miaka imeshazidi 20 na mpira wowote ambao haujabadilishwa una umri huo huo.

Ndio maana napinga vikali fundi anayesikiliza dakika mbili na kutangaza msiba. Injini haifi kwa kusikilizwa. Peleka gereji yenye kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, wanafungua plagi wanapima silinda moja moja, zote nne, na wanakuandikia namba. Namba zikikaribiana na ziko juu injini yako ni nzima, kinachovuja au kuunguza oili ni kitu kingine kabisa. Mwambie aangalie kwanza sili za valvu na uvujaji wa chini, na akupe macho yake kwenye moshi, wa bluu ni oili, mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni maji yanaingia yasipotakiwa. Mimi nina wasiwasi na oili uliyokuwa unawekewa pia. Mafundi wengi wakiona gari inakula oili wanamimina 20W50 nzito wakiamini inaziba, injini hii ilitengenezwa kwa oili nyepesi, 5W30. Tena tumbo lake linabeba oili kidogo, ikipungua lita moja wewe unaona ni lita moja tu ila kwa injini hii hicho ni kipande kikubwa cha oili yote iliyomo.

Huo mlio wa asubuhi unahusiana na hapo hapo. Hii injini haina mkanda wa taiming, ina cheni, na kinachoikaza cheni kinasukumwa na presha ya oili. Oili ikiwa chini au imeoza, asubuhi cheni inalegea inakwaruza mpaka presha ipande ndio unasikia inatulia. Ukiiachia hivyo cheni inaendelea kutanuka, na siku ikiruka meno inaweza kukunja valvu, hapo sasa ndio fundi wako atakuwa amesema kweli. Kwa hiyo badilisha oili na filta hata kabla ya kipimo, na kila asubuhi vuta stiki kabla hujawasha. Mlio ukibaki na oili mpya ikiwa imejaa, cheni na kikazio chake vibadilishwe, hiyo hela itoe bila kuumia.

Kuchemka ndio kunakonitisha kuliko vyote. Hedi ya injini hii ni ya aluminiamu, ikichemka sawasawa inapinda na gasketi inaungua, na gharama inaruka kutoka laki kwenda milioni. Wale vijana wa Tazara walikusaidia kwa roho safi lakini maji ya baridi kwenye injini inayowaka ni hatari kwa hedi, na kwako pia, ule mfuniko wa rejeta ukiufungua moto unakubabua uso. Siku nyingine taa ikiwaka zima kiyoyozi, paki, zima injini, fungua boneti, kaa pembeni hata nusu saa, foleni ikupigie honi mpaka ichoke. Na hayo maji ya dumu, huku kwetu mengi ni ya kisima, ya chumvi, yanakula rejeta na mabomba kutoka ndani. Nina uhakika mkubwa huyo mwenye gari alikuwa anaongeza hayo hayo miaka yote. Waambie gereji wamwage yote wasafishe mfumo, waweke kulanti ya kweli, waweke mfuniko mpya wa rejeta (ni kitu cha bei ndogo na ndio kinashika presha), wakague pampu ya maji, na waangalie kama themostati ipo, ile valvu inayoongoza maji ya kupoza injini, kwa sababu mafundi wetu wana tabia ya kuing'oa na kuitupa, na kama feni inawaka yenyewe joto likipanda. Gari inayochemka kwenye foleni na kutulia ikitembea mara nyingi tatizo ni feni. Ukifungua mfuniko wa oili injini ikiwa imepoa ukakuta utando mzito wa rangi ya maziwa, au ukaona mapovu yanapanda kwenye rejeta injini ikiwa imewashwa tangu iko baridi, usiendeshe tena, gasketi hiyo.

EPS ni usukani wa umeme, hauna oili ni mota tu, na ina kiburi na umeme mdogo. Anza na kusafisha vichwa vya betri na kupima betri na altaneta, wengi wanauziwa usukani mzima kumbe betri ilikuwa imechoka. Tairi soma zile tarakimu nne ubavuni, 2314 maana yake wiki ya 23 mwaka 2014, ukikuta kitu kama hicho usisafirishe watoto nayo.

Ile injini ya 1300 kataa. Kadi inaandika namba ya injini na cc, ukibadilisha lazima uripoti, na wewe hata jina hujabadilisha utaripoti kama nani? Halafu si injini tu, waya, kompyuta na mikao yote inaguswa, utaanza kukimbizana na taa za dashibodi mpaka mwakani. Kama kipimo kitasema kweli injini imekwisha, tafuta injini ya 1SZ, aina ile ile yake, Ilala pale Shauri Moyo zinapatikana za mtumba, uisikie ikiwaka kabla ya kulipa na uandikiwe garantii kwenye risiti, hata hiyo ibadilishiwe namba kwenye kadi.

Dalali wa 2.2 anajua anachofanya. Anaona kadi haijakaa sawa, anaona mwanamke ana presha ya nyumbani, anachukua, anaosha, anaisukuma kwa mwingine kwa bei ile ile uliyonunulia wewe. Ukishakuwa na kadi ya jina lako na gari haichemki, hata ukiamua kuuza utauza kwa mnunuzi wa kweli. Ndio maana nasema usiuze sasa, hata kama mwisho wa siku jibu litakuwa kuuza.

Na huyo mdogo wa mumeo wa habari za Bolt usimpe. Gari ya kubeba abiria kwa mtandao inatakiwa leseni ya LATRA, na bima ya gari binafsi haimlindi abiria anayelipa. Gari inayochemka foleni ya Tazara ukiitembeza kutwa nzima kwenye jua la Dar, inakuja kukutaka injini mpya kabla hesabu yake haijanunua hata bati moja, na hapo ugomvi utakuwa na ukweni.

Sasa hela, na hapa nitakuambia jambo ambalo halitakufurahisha. Kwa safari yako hii gari haiwezi kuwa rahisi kuliko daladala, na usimwambie shemeji kwamba itaokoa nauli maana atakaa chini apige hesabu na atakuwa sahihi. Chanika mpaka Kariakoo ni zaidi ya kilomita 30, kwenda na kurudi weka 70. Vitz nzima kwenye foleni yetu weka kilomita 14 kwa lita, ni lita 5 kwa siku. Petroli ikiwa elfu tatu ni elfu 15 kila siku (bei zinatangazwa na EWURA kila mwezi, wewe weka ya mwezi huo), ukifanya kazi siku 26 ni laki tatu na tisini, oili na paking bado. Nafuu yetu ni kwamba tangu 2017 hakuna tena rodi laisensi ya mwaka, ilihamishiwa kwenye mafuta shilingi 40 kwa lita, kwa hiyo gari iliyolala nyumbani haikudai chochote serikalini.

Kwa hiyo ilale nyumbani siku nyingi. Itoe siku za mzigo, zile ambazo ungelipa bajaji au kirikuu na bado ukabeba kichwani, itoe mtoto akiumwa usiku, itoe Jumapili. Siku ya kawaida bila mzigo panda daladala. Najua sivyo ulivyoiota pale Banana, lakini hivi utaishi nayo.

Ukikaa na shemeji usianze na gari. Anza na bati. Yule mwanaume alihesabu mvua na lenta, hasira yake haina uhusiano na Vitz, ni kwamba mlipanga wawili akaamua mmoja, na hilo mwambie wewe mwenyewe kwa maneno mafupi bila kujieleza sana, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize. Baadaye mpe tarehe na kiasi, kwamba kwenye meza ya vitenge unatenga shilingi ngapi kila wiki ya bati, anashika yeye. Na gari mwekee mpaka, kwa mfano matengenezo yote kwa sasa yasizidi laki sita, kadi ikiwemo, na kipimo kikisema injini imekwisha basi mnaamua wawili, mnatengeneza au mnauza, hutaamua wewe wala fundi. Nenda naye gereji siku ya kupima, asikie mwenyewe kwa masikio yake. Wifi hahusiki na kikao hicho.

Ukishapima niandikie namba za silinda zote nne kama alivyozisoma, moja moja kwa mpangilio, na uniambie kama kwenye rejeta mlikuta themostati. Kabla ya hapo usimlipe mtu yeyote hela ya injini, hata ya kushikia.